Kipupwe cha Darubini ya Stella

Mwezi uliopita tulikutana tena, sisi tuliosoma pamoja sekondari Morogoro, katika ukumbi mmoja wa kukodi ambao feni zake zilipiga kelele kuliko muziki. Nilifika mapema, kama kawaida ya watu wenye haya, ili nisije nikaingia wakati wote wameshakaa na kugeuza shingo. Mwanahawa na Stella walikuja baadaye, pamoja, wamevaa sare. Kitenge kimoja cha kijani chenye maduara ya njano, kimeshonwa na fundi mmoja, tofauti ikiwa mikono tu: ya Stella mirefu, ya Mwanahawa ya puto. Mimi hakuna aliyeniambia habari ya sare. Nina miaka hamsini na ushee, nimemzika mume, nina wajukuu wawili, na nilisimama pale na sahani ya pilau mkononi nikiangalia kama viti vyao vimegusana. Vilikuwa vimegusana. Mwanahawa aliponiona aliinuka, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Karibu Kabula, mdogo wangu. Umekula? Umepata kinywaji?" Kwa upole kabisa, kama mtu anavyompokea mkwe. Nikasema nimekula, ahsante. Na pale pale, mbele ya pilau na feni, nikawa na miaka kumi na sita.

Zamani Mwanahawa hakuwahi kuniuliza kama nimekula. Zamani alikuwa ananinyang'anya andazi mkononi, analiuma, ananirudishia nusu, anasema, "Mnyamwezi, mbeba mizigo ya watu, unakula ili upate nguvu za kubeba nini leo?" Na mimi, ambaye darasani mwalimu akiniuliza swali nilikuwa naangalia dawati mpaka apite kwa mwingine, nilikuwa najibu bila kufikiri: "Mluguru wewe, umeshuka mlimani jana kufuata chumvi, umekuta watu wamevaa viatu ukakimbia." Tulikuwa watani. Babu zangu walipita njia ile kutoka Tabora wakiwa na mizigo kichwani, babu zake waliwaangalia kutoka juu, na yaliyotokea kati yao, mabaya na mazuri, waliyamaliza kwa kukubaliana kwamba watoto wao watatukanana milele na hakuna atakayekasirika. Mtu mwenye haya hajui kuanza mazungumzo. Utani ulikuwa umeniandalia sentensi ya kwanza. Nilikuwa nimepewa rafiki kama mtu anavyopewa jina, bila kuomba.

Kila Jumapili nikishatoka misa tulikuwa tunapanda mlimani, mimi na yeye, kwenda kwa bibi yake. Njia ilianzia nyuma ya nyumba za walimu, ikapita mashamba ya mahindi yaliyokauka, ikaingia kwenye bonde la kijito, halafu ikapanda kwa zigizaga mpaka nyumba ya Bibi, iliyokaa ukingoni chini kidogo ya msitu. Tulikuwa tunatazama ndege na maua. Ukimwambia mtu wa siku hizi kwamba wasichana wawili walikuwa wanapoteza Jumapili nzima kutafuta ndege, tena si wa kula, atadhani unamficha kitu. Mwanahawa alikuwa amejifunza kwa Bibi, mimi nilijifunza kwa Mwanahawa. Kipupwe kikiingia, baridi ya juu msituni inawashusha ndege ambao miezi mingine huwaoni. Chozi wadogo wenye shingo za kumeta wanashuka kufuata maua ya migomba. Na anashuka yule ambaye Bibi alimwita Mgeni: ndege wa kimya, kifua chake rangi ya chungwa lililoiva, mgongo wa udongo, anatembea chini ya mibuni akipekua majani makavu kama kuku anayejiheshimu. Haruki mpaka umemkaribia sana. Kumwona lazima unyamaze, na kunyamaza ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiweza kuliko watu wote. Mwanahawa alikuwa anaongea njia nzima. Mimi ndiye niliyekuwa namgusa bega na kuonyesha kwa kidevu. "Mnyamwezi huyu ana macho ya mwizi," alikuwa ananong'ona, na mimi natembea juu ya ardhi bila kuigusa.

Stella alikuja mwaka ule wa kidato cha tatu. Baba yake aliletwa kutoka Dar kusimamia kiwanda kimoja wakati kinasubiri kuuzwa, na wazazi wa nusu ya darasa letu walikuwa wanafanya kazi katika kiwanda hicho hicho wakisubiri kujua nani atapunguzwa. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sabuni za kunukia zilirudi, dawa ya meno ya rangi tatu ikaja, na pale sokoni marobota ya mitumba yalikuwa yanafunguliwa asubuhi huku akina mama wamezunguka kama watu kwenye ajali. Nyumbani, usiku nikiwa nimejifunika shuka, nilikuwa nasikia wakubwa sebuleni. "Wanasema watabaki mia." "Nani kasema?" "Wanasema tu." Halafu kijiko kikizunguka kwenye kikombe. Ungedhani ningemchukia Stella kwa sababu ya hayo. Wala. Hayo niliyaona mambo ya wazee. Nilimchukia kwa sababu ya darubini.

Aliivaa shingoni Jumapili ya kwanza Mwanahawa alipomwalika, bila kuniuliza. Nyeusi, nzito, yenye ukanda wa ngozi. Baba yake alikuwa ameileta kutoka safari ya nje. Njiani Stella aliuliza kila kitu: huu mti unaitwaje, hiki kijito kinakwenda wapi, kwa nini huyu Kabula haongei. "Anaongea," Mwanahawa akasema. "Akipenda." Kwenye bonde, juu ya miamba inayotiririka maji, maua madogo ya waridi yalikuwa yameanza, yale yenye mkia mwembamba nyuma kama wa panya, mimi niliyaona kwanza, nikanyamaza, nikisubiri tufike karibu nimguse Mwanahawa bega kama siku zote. Stella akapaza sauti, "Hawa, njoo uone, kuna maua ukutani," na Hawa akakimbia. Hata jina alikuwa ameshalifupisha. Mimi mwaka mzima nilikuwa naita Mwanahawa, lote, kwa heshima.

Chini ya mibuni ya Bibi nilimwona Mgeni. Nikaonyesha kwa kidevu. Stella akainua darubini, akatafuta, akakosa, akampa Mwanahawa, halafu akasimama nyuma yake na kuweka mikono yake juu ya mikono ya Mwanahawa ili kumwonyesha namna ya kuzungusha. Wakakaa hivyo. Nikasikia Mwanahawa akivuta pumzi. "Stella. Ana duara jeupe machoni. Kama amevaa miwani." "Nione." "Subiri, subiri kwanza." Walikuwa wanapokezana, vichwa vimegusana, wananong'ona: mabawa yana madoa, mawili, hapana, mistari miwili, ona mguu. Ndege alikuwa wangu. Mimi ndiye niliyemwona, mwaka jana na mwaka huu, kwa macho niliyozaliwa nayo, na sikuwahi kujua kwamba ana duara jeupe. Stella alipogeuka akaninyooshea darubini, "Chukua Kabula, zamu yako," nikasema, "Macho yangu yananitosha." Kipupwe kizima sikuishika. Nilikuwa natamani mpaka viganja vinawasha, na sikuishika.

Nilikuwa naandika shajara siku zile, kwa penseli, kila usiku mistari michache. Nyingi ni hali ya hewa na chakula. Lakini kuna Jumapili moja ya Julai nimeandika hivi tu: "Tumeona wawili. M. hakunitukana." Nakumbuka siku ile. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe, watatu, jiwe la kutosha watu wawili. Mwanahawa na Stella walikuwa wamevaa masweta ya mtumba waliyochagua pamoja kwenye robota moja, yenye maandishi ya nchi za mbali. Mwanahawa akanigeukia akasema, "Samahani Kabula, unaweza kusogea kidogo?" Samahani. Mtani wangu. Nikasogea. Kisha Stella akateleza akakaa kwenye matope, na Mwanahawa akacheka mpaka akashika tumbo, akamwambia, "Mtoto wa mjini wewe, makalio yako yamezoea makochi." Stella si Mluguru wala si Mnyamwezi, kwao ni Bukoba, hakuna babu yeyote aliyemruhusu Mwanahawa kumtukana. Alimtukana kwa sababu alimpenda. Nilikaa pembeni ya jiwe lile, nusu yangu hewani, nikaelewa kwamba matusi yangu yote niliyoyathamini yalikuwa ya urithi, na ya Stella alikuwa ameyachuma mwenyewe.

Kwa Bibi ndiko nilikobaki na nafasi. Jiko lake lilikuwa chumba cha udongo chenye giza la kupendeza, mafiga matatu, dari nyeusi ya masizi ambako mahindi ya mbegu yalining'inia, na harufu ya moshi, mdalasini na nguo za mtu mzee. Alikuwa anapika magimbi na maharage, na chai ya mdalasini aliyoileta dada yake kutoka Kinole, nzito mpaka inakwaruza koo. Nikiingia tu alikuwa anapiga kelele, "Mpagazi kafika. Fungeni kuku." Nami naitikia, "Shikamoo, mchawi." "Marahaba. Mzigo wako umeuacha wapi?" "Nimeuacha Ngerengere, nimekuja kuuliza utakufa lini, tuje kula ubwabwa wako." Bibi alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakiruka, anajifuta macho kwa pindo la khanga. "Nikifa wewe utakula makoko." Kila Jumapili hivyo hivyo, kama sala. Stella alikuwa anakaa mlangoni anatazama. Nilihakikisha anatazama.

Mwishoni mwa Julai, siku yenye ukungu mpaka ndani ya nyumba, tulifika tumelowa. Mama Shani, binti mdogo wa Bibi, alikuwa anamenya magimbi. Mimi nilikuwa nyuma navua viatu. Stella alitangulia kuingia, uso umejaa furaha ya mtu aliyejiandaa njia nzima, akasema kwa sauti ya juu, "Shikamoo, mchawi. Bado hujafa? Tumekuja kula ubwabwa."

Kisu cha Mama Shani kikasimama. Mwanahawa aliziba mdomo kwa mkono. Maneno ni yale yale yangu, herufi kwa herufi, lakini kutoka kinywani mwake yalikuwa yamekuja uchi, hayana babu, hayana chochote isipokuwa mtoto wa watu akimwombea mtu mzima kifo ndani ya nyumba yake. Mimi mlangoni, kiatu kimoja mkononi, nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia mwaka ule. Nasema ukweli. Moto uliwaka kifuani ukapanda mpaka masikioni.

"Nani kakufundisha hayo?" Bibi akauliza.

"Kabula... Kabula husema."

"Kabula ni mtani wangu. Akinitukana anakula haki yake. Wewe haki hiyo umeipata wapi?"

Stella akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka mpaka kwenye ukanda wa darubini. "Nisamehe Bibi. Nilidhani..."

"Ulidhani. Futa pua. Vua hilo dude shingoni. Mwanahawa, mpe ndoo. Mtoto anayesema neno kama hilo ni mtoto ambaye hana mtu wa kumfunza, na mimi sitakaa na mtoto wa hivyo jikoni kwangu. Nenda kachote maji. Ukirudi utapiga magoti useme shikamoo kama watu wanavyosema, na kesho ukija utasema hivyo hivyo, na keshokutwa."

Niliteremka mlima jioni ile nikiimba kimoyomoyo. Nilidhani yamekwisha.

Jumapili iliyofuata Stella alipiga magoti mlangoni, akaamkia, Bibi akamwambia ndoo iko pale. Yeye na Mwanahawa wakashuka kijitoni, wakarudi wamelowa mabega wakicheka. Bibi akamfokea kwa kumwaga. Akamfokea kwa kumenya gimbi nene. Akamchapa mkono kwa mwiko alipotaka kuonja, akamwita mvivu, akamwonyesha jinsi ya kupuliza moto bila kumeza majivu. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kigoda kizuri, kikombe cha kwanza cha chai ni changu. Nikainuka nichukue kisu nisaidie. "Kaa, mpagazi," Bibi akasema. "Kwangu mtani hamenyi." Nikakaa. Nilikuwa nimekaa hivyo mwaka mzima na kuona ni heshima. Sasa nilikuwa natazama watu watatu kuzunguka mafiga matatu, majivu usoni, wanapitishiana chumvi bila kuangaliana, na chai yangu inapoa.

Siku hiyo hiyo, nikiwa uani nanawa, nilimsikia Mama Shani akiuliza kwa ndani, "Sasa mama, huyu wa mjini umemchukua?" "Nimchukue wapi, keshakuja mwenyewe. Mdomo wake mbaya, lakini ukimfinya ananyooka. Ni mwanangu huyo." "Na Kabula?" Nikaacha maji yamwagike taratibu ili yasipige kelele. "Kabula?" Bibi akasema, kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. "Kabula ni mtani."

Hakuna neno baya hapo. Nimeligeuza geuza miaka yote hii na sijaona baya. Mtani unampa kigoda, unampa chai ya kwanza, ukifa yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuingia bila kubisha. Lakini mtani humfinyi. Unamfinya mtoto wako. Niliyemtamani aaibike alikuwa ameaibishwa, na kuaibishwa kule ndiko kulikomwingiza ndani. Agosti yote nilipanda mlima nikiombea Bibi anikasirikie. Nilivunja kikombe. Akasema kikombe chenyewe kilikuwa cha zamani.

Ndege walianza kurudi juu Septemba. Miti ile yenye miiba ilitoa maua mekundu bila jani hata moja, na siku chache baada ya manyunyu ya kwanza, kando ya njia, yakachipuka yale maua ya duara yanayotoka ardhini peke yake, mekundu kama kitu kilichosahauliwa na mtoto. Stella aliyaona kwa darubini kutoka ng'ambo ya bonde. Mwanahawa alitaka kumchumia Bibi. Bibi alikuwa ameshaanza kukohoa. Hakufika mwisho wa vuli.

Tulipanda siku ya mazishi tukiwa na sare za shule, darasa zima. Wanaume walikuwa wameshaenda kuzika. Wanawake walijaa kwenye mikeka, ndani mpaka uani, na karibu kabisa na ukuta, pale wanapokaa wenye msiba, alikuwa amekaa Mwanahawa, na kando yake Stella, amefungwa khanga kichwani kama wana wa nyumba. Watu waliokuja kupeana mkono walimpa Mwanahawa, kisha Mama Shani, kisha Stella. "Poleni wanangu." Na Stella aliitikia, "Tumeshapoa." Mimi nilikaa karibu na mlango, na wasichana wa darasani. Mwanahawa alikuwa hajala tangu jana, hakulia wala hakusema, anatazama mkeka tu. Wanawake walikuwa wananong'ona kwamba si vizuri, mtoto asiyelia hivyo.

Ndipo Mama Shani akainua kichwa. "Hivi msiba huu hauna watani wa kumwigiza marehemu?" akauliza. "Mama yangu anazikwa kimya kimya kama hana watu?" Wakatazamana. Mzee mmoja wa kike akasema walikuwepo wawili, wamekwenda makaburini. Halafu Mama Shani akaniona. Alivua khanga ya Bibi aliyokuwa amejifunika magotini akanirushia juu ya vichwa vya watu.

Mimi ni yule niliyekuwa naangalia dawati. Sijui niliinukaje. Nakumbuka khanga ilikuwa na harufu ya moshi, na kwamba niliona afadhali nitembee kuliko kusimama, nikatembea kama Bibi, kiuno kimeshikwa kwa mkono mmoja, mdomo umevutwa pembeni. Nikaingia mlangoni upya. "Nimerudi," nikasema kwa sauti ya Bibi. "Nimerudi bwana. Huko mliponipeleka hakuna hata chai." Mtu mmoja akaguna. Nikainua pindo la khanga nikalikagua, nikalivuta, nikalitazama kwenye mwanga wa mlango kama alivyokuwa anakagua kila kitu sokoni. "Na hii sanda nani kanunua? Mbona laini hivi? Mmenivalisha mtumba? Nyie watoto, nimewazaa, nimewalea, mnakwenda kunichagulia sanda kwenye robota?"

Uani walianza kwanza, kisha ndani. Kicheko cha msibani, kinachotoka na machozi. Nikapita katikati ya mikeka nikiwafokea, wewe umekaaje, wewe umekuja kulia au kula, na nikafika ukutani. Mwanahawa aliinua uso. Akanitazama, akatazama khanga, akatazama mkono kiunoni, na kitu kikapasuka kifuani mwake. Akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa cha kweli ambacho nyumba nzima ilikuwa inakingoja, akaanguka upande, kichwa mapajani kwa Stella.

Kwa Stella. Palikuwa karibu, nadhani. Kila kichwa kinaanguka palipo karibu.

Stella alimpapasa mgongo, kisha akaniangalia. Alikuwa amechota maji miezi mitatu, amefinywa, amepewa khanga na nafasi ya ukutani, na tangu jana alikuwa amembembeleza Mwanahawa kwa kila alichojua bila kumtoa hata chozi. Alinitazama kutoka chini, macho makavu, mdomo umebana. Nilimtambua mtazamo ule. Nilikuwa nimelala nao na kuamka nao kipupwe kizima.

Ningeweza kukaa chini. Kazi ilikuwa imekwisha, mtoto alikuwa ameshalia, wanawake walikuwa wanasema ahsante mtani. Nikajifunga khanga vizuri zaidi, nikashika kiuno, nikaanza upya kutoka mlangoni.